Anayetoa Ana Haki ya Kuambiwa

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wazee waliotuachia usemi huu walikuwa wakinena juu ya chakula, nguo na fedha, na hapana shaka hawakudhani kwamba itakuja siku mtu aweze kutoa sadaka ya hesabu. Siku hiyo imekuja, tena si leo wala jana. Mtu aliyeko Mombasa, Malindi au Lamu, mwenye kompyuta ya kawaida juu ya meza yake, aweza kuiachia ifanye kazi ya wanasayansi walio ng'ambo, naye mwenyewe amelala. Na akiamka alfajiri hukuta majibu yamekwisha safiri kwa njia ya intaneti kwenda kwa wenyewe. Halipwi hata senti moja, na stima ni yake.

Watu wafanyao hivyo ulimwenguni ni wengi kuliko tunavyodhani. Nataka leo kuzungumza juu yao, na hasa juu ya jambo linalowakereketa kuliko yote, nalo ni kungoja. Wako waliongoja miaka wakapata walichokingoja. Wako waliongoja wakachoka wakaenda zao. Na wako ambao hata hii leo hawajui kazi waliyoifanya iliishia wapi. Vijana kadhaa wa huku kwetu wameniuliza kama yafaa nao waingie katika kazi hizi. Jibu langu ni kwamba yafaa sana, lakini pana sharti. Na sharti lenyewe haliwahusu vijana peke yao, bali lawahusu zaidi wale wanaopokea.

Shupatu na jamvi

Msomaji ambaye hajapata kuzisikia kazi hizi atanielewa upesi nikimtolea mfano wa jamvi. Jamvi kubwa halisukwi na mwanamke mmoja kwa kikao kimoja. Husukwa mashupatu, kila mtu kwake, huyu akiisha kupika, yule watoto wakiisha kulala, kisha mashupatu hayo hukusanywa yakaungwa kwa sindano, likapatikana jamvi la kuenea chumba kizima. Hesabu za sayansi nazo, zile zilizo kubwa hata kompyuta moja isizimalize kwa umri wa mtu, mara nyingine huweza kukatwa vipande vidogo vidogo visivyotegemeana. Mwenye kujitolea huitia kompyuta yake programu maalumu. Programu hiyo huomba kipande kutoka kwa wakuu wa mradi, hukifanyia kazi wakati mwenyewe hana haja na kompyuta, na ikiisha hurudisha jibu na kuomba kingine. Aghalabu kipande hicho hicho hupewa mtu wa pili vilevile, ili majibu mawili yalinganishwe, kwani mashine hukosea na binadamu nao wana hila zao.

Kazi iliyowafanya watu wengi wazijue hesabu hizi za kugawana ni SETI@home, iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Marekani, tarehe 17 Mei 1999. Nia yake ilikuwa kutafuta, katika mawimbi ya redio yatokayo angani, ishara yoyote iwezayo kuwa imepelekwa na viumbe wenye akili walio mbali na dunia yetu. Mawimbi yalinaswa kwa antena kubwa ya Arecibo, kisiwani Puerto Rico, yakatiwa katika kanda, na kanda zikapelekwa Berkeley kwa posta. Huko yalikatwa vipande, kila kipande chenye mawimbi ya sekunde 107, vikatawanywa duniani kote. Katika maisha ya mradi huo walijiandikisha watu zaidi ya milioni 5.

Huo ni umati mkubwa kuliko jeshi lolote, nao umekusanyika pasipo amri wala mshahara.

Kungoja kwa namna nyingi

Lakini msusi huliona shupatu lake likirefuka mkononi. Mwenye kujitolea kompyuta hana anachokiona, ila picha za rangi zinazochezacheza kwenye kioo, na jumla ya alama alizoandikiwa, ambazo hazinunui hata kikombe kimoja cha kahawa chungu. Gharama yeye huiona wazi. Kompyuta ikila wati 100 kwa saa 10 kila usiku, imekula yuniti moja ya stima. Kwa mwezi ni yuniti 30. Katika nyumba nyingi za kwetu, ambapo stima hununuliwa kwa tokeni kidogo kidogo, yuniti 30 si jambo la mchezo.

Tena majibu mengi ya sayansi huwa ni "hapana". Mathalani uko mradi uitwao GIMPS, ulioanzishwa mwaka 1996 na George Woltman wa Marekani, wa kutafuta namba tasa kubwa, yaani namba zisizogawika ila kwa moja na kwa zenyewe. Mwezi wa Desemba 2018 ilipatikana moja. Baada ya hapo kompyuta za watu zilisaga usiku na mchana, mwaka 2019 ukapita, na 2020, na 2021, na 2022, na 2023, na kila kipande kilichorudi kilisema: siyo hii. Ya pili yake haikupatikana mpaka Oktoba 2024. Namba hiyo ni 2 zipatazo 136,279,841 zikizidishwa pamoja, kisha ikatolewa 1, na kuiandika yote kwahitaji tarakimu 41,024,320. Mtu mmoja ndiye aliyeipata. Maelfu ya wengine walipata "hapana" zao. Lakini "hapana" hizo ndizo zilizoondoa namba zisizo zenyewe njiani, na bila ya hizo hakuna ambaye angejua ni wapi palipokwisha kutafutwa.

Wale wa SETI@home kungoja kwao kulikuwa kurefu zaidi. Tarehe 31 Machi 2020 wakuu wa mradi waliacha kugawa kazi mpya, wakasema vipande vya kutosha vimekwisha fanywa na sasa nguvu zao chache zahitajiwa katika kuyachambua majibu. Mwaka huo huo, tarehe 1 Desemba, antena ya Arecibo yenyewe iliporomoka. Uchambuzi ulichukua miaka, na makala za mwisho zikatoka mwaka 2025. Kutokana na mishituko ya mawimbi ipatayo bilioni 12 iliyookotwa na kompyuta za watu, zimechujwa ishara kama 100 tu zinazostahili kutazamwa mara ya pili, nazo zimekuwa zikitazamwa kwa antena kubwa ya FAST iliyoko China. Hakuna kiumbe aliyeonekana. Basi mtu aliyeanza mwaka 1999 akiwa kijana wa miaka 20, alizipata habari hizi akiwa na miaka 46, mvi zimeanza kumtoka.

Je, mtu huyo amedhulumiwa? Mimi nasema hapana, hakudhulumiwa. Aliambiwa tangu mwanzo kwamba huenda pasipatikane kitu. Anayetia wavu baharini hana haki ya kumdai bahari samaki. Kazi ya utafiti ndivyo ilivyo, na asiyeweza kungoja majibu yake ajishughulishe na jambo jingine, maana hakuna aliyemlazimisha.

Kadhalika ziko karaha ndogo ndogo ambazo mtu mwenye moyo mpana huzisamehe. Mitambo ya SETI@home huko Berkeley ilikuwa na desturi ya kufungwa kila Jumanne ili ifanyiwe matengenezo, na watu wakabaki wakigonga mlango usiofunguliwa. Mwezi wa Machi 2020 nao, ugonjwa wa korona ulipoenea, watu kwa mamia ya maelfu walikimbilia mradi wa Folding@home, unaochunguza jinsi protini zinavyojikunja, wakitaka kusaidia utafiti wa kirusi kile. Nguvu za kompyuta zao zikijumlishwa zilipita hesabu bilioni moja mara bilioni moja kwa kila sekunde, jambo ambalo hakuna kompyuta moja duniani iliyoliweza wakati huo. Lakini wanasayansi hawakuwa na vipande vya kazi vya kuwatosha wote, na wengi walikaa wakitazama kioo kisicho na kitu. Ilikuwa kama mazishi ya mtu mashuhuri: mikono ya kuchukua jeneza ni mingi, na jeneza ni moja. Mwenye busara hakasiriki kwa hilo.

Kasoro zilizosemwa na zilizonyamaziwa

Jambo linalonifanya nishike kalamu ni jingine. Baada ya kuisamehe sayansi ucheleweshaji wake, na mitambo matengenezo yake, hubaki jambo moja ambalo halina samahani nyepesi, nalo ni kimya.

Nitatoa mifano mitatu, msomaji aipime mwenyewe.

Mfano wa kwanza. Kikundi kiitwacho distributed.net kiliwakusanya watu 331,252 kuutafuta ufunguo mmoja wa siri wa kufumbua ujumbe uliofungwa kwa hesabu, ili ijulikane siri za namna hiyo zina nguvu kiasi gani. Kazi ilichukua siku 1,757, karibu miaka mitano. Tarehe 14 Julai 2002 kompyuta moja ya kawaida kabisa iliyoko Tokyo, Japani, iliurudisha ufunguo uliokuwa ukitafutwa. Lakini programu ya kupokea majibu ilikuwa imeharibika, na ushindi huo ukalala humo bila ya kujulikana hata tarehe 12 Agosti. Kwa muda wa wiki nne watu walikuwa wakitafuta kitu kilichokwisha patikana! Na ujumbe wenyewe ulipofumbuliwa, ulisema kwamba mambo mengine afadhali yasisomwe. Hata hivyo wakuu wa kikundi hawakuficha. Walitangaza wenyewe tarehe zote mbili, wakasema kosa lilikuwa lao. Watu walicheka, na wengi wakaendelea nao katika shindano lililofuata, ambalo lilianza mwaka 2002 huo huo na limekwenda zaidi ya miaka 20.

Mfano wa pili wauma zaidi. Mwezi wa Februari 2006 mradi wa climateprediction.net wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kwa kushirikiana na BBC, uliwaalika watu wapige hesabu za hali ya hewa tangu mwaka 1920 hadi 2080. Kipande kimoja cha kazi hiyo hakikuisha kwa usiku mmoja. Kilichukua wiki nyingi, na kwenye kompyuta nzito kilichukua miezi. Mwezi wa Aprili ikagunduliwa kwamba takwimu za chembe chafu za hewani, zile zinazopunguza makali ya jua, hazikuwa zikiingia katika hesabu ipasavyo, hata dunia ya kwenye kompyuta ikawa inapata joto upesi mno. Kazi ikabidi ianzwe upya. Fikiri, msomaji, mtu aliyekuwa amefika mwaka 1990 katika hesabu zake akaambiwa arudi 1920! Lakini aliambiwa. Wakuu wa mradi waliwaandikia washiriki wakaeleza kosa ni lipi, limetoka wapi, na kwamba kazi iliyokwisha fanywa haikutupwa, kwa kuwa yaonyesha jinsi joto lingekwenda lau chembe zile zisingekuwako. Watu walinung'unika, wakaanza upya.

Mfano wa tatu ni wa World Community Grid, iliyoanzishwa na kampuni ya IBM mwezi wa Novemba 2004 kwa ajili ya utafiti wa magonjwa na mazingira. Humo ndimo wanasayansi wa Japani walipozipata, mwaka 2014, dawa saba za kujaribiwa dhidi ya saratani moja ya watoto. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba kazi hiyo itahamia kwa Taasisi ya Utafiti ya Krembil, iliyoko Toronto, Kanada. Mwanzoni mwa 2022 mitambo ilizimwa ili ihamishwe. Muda uliotarajiwa ukapita, mwingine ukawekwa, nao ukapita, na kazi iliporudi baada ya miezi kadhaa ilirudi kwa kusuasua. Watu waliokuwa wamekaa humo miaka 15 na zaidi waliachwa wakihesabu wiki, na manung'uniko yao hayakuwa juu ya kuhama, kwani kila mtu ajua kuhama nyumba kuna taabu zake. Kilichowaudhi ni zile siku baina ya tangazo moja na jingine.

Mifano hiyo yatuonyesha kitu. Wale wa mfano wa pili walipoteza zaidi kuliko wa tatu, maana jasho lao lilirudishwa nyuma. Lakini waliostahimili kwa moyo mweupe ni wale walioelezwa. Binadamu huweza kubeba hasara kubwa akiwa anajua, na kubeba kidogo kukamshinda akiwa hajui.

Sadaka na wakfu

Hapa atainuka mtu aseme: "Bwana, anayetoa sadaka hafuatilii. Akishatoa ametoa, na kudai habari ni kusimanga." Hoja hii ni nzito, hasa kwetu sisi watu wa pwani, tuliofunzwa tangu utotoni kwamba masimango huitafuna sadaka.

Nami nakubali kwamba kusimanga ni vibaya. Mwenye kujitolea anayedai jina lake liandikwe kwanza, au anayejiona yeye ndiye mgunduzi kwa sababu kompyuta yake ilikesha, amekosa adabu. Lakini kuuliza amana imetumikaje si kusimanga. Mtu akitoa shamba la minazi kuwa wakfu, shamba limemtoka, halirudi kwake wala kwa watoto wake. Na pamoja na hayo msimamizi wa wakfu atatakiwa aeleze nazi ziliuzwa kwa bei gani na fedha zikatengeneza nini. Hatumwambii anyamaze kwa kuwa mtoaji alitoa kwa ajili ya Mungu. Twamwambia aseme kwa sababu hiyo hiyo. Basi saa za kompyuta zilizotolewa na watu ni wakfu wa namna yake, na wanasayansi ni wasimamizi wake.

Wao nao wana udhuru, nami sitaki kuwaonea. Miradi hii aghalabu huendeshwa na watu wasiozidi vidole vya mikono miwili, fedha zao huja kwa mafungu ya mwaka mmoja au miwili, na saa inayotumika kuandika habari ni saa iliyoondolewa katika utafiti. Yote ni kweli. Lakini neno moja kwa mwezi, hata likiwa ni kusema "bado hatujamaliza, na sababu ni hii", haligharimu kitu ukililinganisha na kompyuta elfu zilizozimwa na wenyewe kwa kukata tamaa.

Na wala manung'uniko si hasara tupu kwa mwenye kuyasikiliza. Katika mradi wa Rosetta@home wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, watu walikuwa wakitazama kwenye kioo jinsi kompyuta inavyohangaika kuikunja protini, wakakereka, wakasema: sisi twaona ni wapi ingefaa ikunjwe, mbona mashine haioni? Wanasayansi hawakuwanyamazisha. Mwaka 2008 walitoa mchezo uitwao Foldit ili watu wajikunjie wenyewe, na mwaka 2011 wachezaji hao, kwa muda wa wiki tatu, walilipata umbo la kimeng'enya cha kirusi kimoja cha kima ambalo lilikuwa limewashinda wataalamu zaidi ya miaka 10. Mkuu wa maabara hayo, David Baker, alikuwa mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2024 kwa kazi yake ya kubuni protini. Lau wale wanung'unikaji wangeambiwa wasubiri tu, mchezo ule usingezaliwa.

Vilevile mwaka 2010, mradi wa Einstein@Home ulipoipata nyota ya ajabu inayozunguka mara 41 kwa sekunde, wanasayansi walitazama ni kompyuta za nani zilizoikuta. Ilikuwa ya mume na mke wa mji wa Ames, Marekani, na ya mtu mmoja wa Mainz, Ujerumani. Walitafutwa wakaambiwa, na ulimwengu ukatangaziwa pamoja nao. Hiyo ndiyo adabu ya mpokeaji.

Haya yatuhusu nini huku pwani?

Yatuhusu, tena kwa karibu. Taasisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto iliyoko Basel, Uswisi, ilikuwa na mradi ulioitwa malariacontrol.net. Kwa miaka kumi hivi, mpaka ulipofungwa mwaka 2016, watu wa Ulaya, Marekani na kwingineko waliachia kompyuta zao zipige hesabu za malaria ya Afrika: mbu wakiwa wengi kiasi hiki, vyandarua vikiwa vingi kiasi kile, na chanjo ikiwa na nguvu kiasi fulani, ni watoto wangapi watakaougua na wangapi watakaopona. Miongoni mwa mambo yaliyopigiwa hesabu ni faida iwezayo kupatikana kwa chanjo iitwayo RTS,S.

Chanjo hiyo si ngeni kwetu. Ilijaribiwa kwa watoto katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika tangu mwaka 2009 hadi 2014, na Kilifi kilikuwa kimoja wapo. Mwaka 2019 Kenya ilianza kuitoa katika baadhi ya maeneo ya magharibi, na tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni likaipendekeza kwa watoto wa Afrika. Sisemi kwamba kompyuta za watu ndizo zilizotengeneza chanjo. La, hesabu hazimponyi mtoto. Nasema kwamba pande mbili zilitoa. Huko Ulaya mtu alitoa stima yake, na huku Kilifi mama alimtoa mwanawe mkono wa kudungwa sindano. Wote wawili walingoja miaka kabla ya kujua, na haki yao ya kuambiwa ni moja, ijapokuwa alichotoa yule mama hakilinganiki na stima.

Na kwa jambo hili Kilifi ina la kuufundisha ulimwengu. Watafiti wa KEMRI waliopo pale waliona zamani kwamba haitoshi kuchukua damu ya watu na kuondoka nayo. Kwa miaka mingi wamekuwa na wawakilishi waliochaguliwa vijijini, wanaoketi na watafiti, wakapeleka kwao maswali ya wanakijiji na kurudi na maelezo. Watu huuliza, hukataa, hukubali, na husikia matokeo. Yaliyowezekana chini ya mwembe, kwa watu wasio na kompyuta, yashindwe vipi na mabwana wenye intaneti ya kuwafikia watu wao wote kwa dakika moja?

Hesabu hizi zimetumika pia katika jambo la mvua. Ukame wa mwaka 2016 ulioitesa Kenya ulichunguzwa, na mojawapo ya nyenzo ilikuwa hesabu za kompyuta za watu wa kujitolea chini ya mradi ule ule wa Oxford. Wachunguzi hawakuona dalili ya wazi kwamba mabadiliko ya tabianchi ndiyo yaliyopunguza mvua mwaka ule, ila walisema kuwa joto limepanda na huenda liliyazidisha madhara ya ukame. Ni jibu la nusu kwa nusu, lisilomfurahisha anayetaka kuambiwa ndiyo au hapana. Lakini ni jibu la kweli, na mkulima wa Kinango au mfugaji wa Tana ana haja nalo. Ni wangapi huku kwetu waliopata kulisikia?

Sharti langu

Basi nawarudia vijana walioniuliza. Ingieni, lakini kwa macho. Tazameni kwanza mradi unaendeshwa na nani na kwa chuo gani. Usiojulikana mwenyewe msiutie katika kompyuta zenu. Hesabuni stima ya nyumbani, na kama analipa mzee, muombeni ruhusa. Msiitie programu hiyo katika kompyuta ya kazini au ya shule bila ya idhini, maana mtu hatoi sadaka ya mali isiyo yake. Jueni kwamba "hapana" ni jibu, na kwamba miaka mitano katika utafiti si mingi. Halafu mkae mtulie, kama msusi anayejua kwamba shupatu moja si jamvi.

Na kwa wale wanaopokea, popote walipo, nasema hivi. Mkipanga kuzima mitambo, semeni kabla ya kuizima. Mkikosea, semeni siku mliyogundua. Kazi ikiisha, andikeni kwa lugha ambayo mtu asiye na digrii aweza kuisoma, mkaeleza kilichopatikana, na kama hakikupatikana kitu, semeni hivyo hivyo. Na mradi ukifa, uzikeni mbele ya watu; msiuache ukapotea kimya kimya kama jahazi lililotoka bandarini lisirudi, wenyewe wakabaki ufukweni hawajui kama waweke matanga au wangoje.

Subira huvuta heri, na watu hawa wanayo subira ya kutosha. Wameionyesha kwa miaka zaidi ya 25. Wakinuna si kwa sababu heri imechelewa. Hununa pale wanapokuwa hawana hata habari kama bado inavutwa.